Kava jipya limechuja rangi kwenye viti vyeupe vya boti: nisugue na nini?

Swali: Shikamoo fundi. Nina boti ya faiba ya futi 26 hapa Watamu, napeleka wageni kutazama matumbawe na mara nyingine kuvua. Mwezi wa Aprili nilipoipandisha nchi kavu kupisha kusi, niliishonea kava jipya la poliesta, buluu iliyokolea. Nililifua kwanza, na maji hayakutoka rangi. Juzi nimelifunua, viti vyote vyeupe vina madoa ya buluu inayoelekea zambarau, na mbavu za ndani zina michirizi. Kiti kimoja cha tezini, huko nyuma, kina baka la waridi. Nimesugua kwa sabuni ya unga hadi vidole vikachubuka. Mpwa wangu amenunua thina. Wageni wanarudi mwishoni mwa mwezi. Nifanye nini, na kava hili nilitupe?

Jibu: Marahaba. Hiyo thina mwambie mpwa wako airudishe dukani, kisha tuzungumze. Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuitumia mwenyewe, miaka mingi nyuma, kwenye viti vya boti ya uvuvi pale Mtwapa. Doa lilififia ndani ya dakika moja na mwenye boti akafurahi sana. Wiki tatu baadaye viti vilikuwa vinanata, vimeshika vumbi, jasho na damu ya jodari, na doa lenyewe limerudi, safari hii limetanda. Nilivishona upya kwa pesa yangu.

Kilichotokea ni kwamba reksini ya boti, ile ngozi bandia iliyofunika viti, ina utando mwembamba juu yake, usioonekana, ambao kazi yake ni kuzuia uchafu usiingie. Thina, asetoni na petroli huula utando huo. Doa linaondoka pamoja na ngozi ya kiti, na kuanzia siku hiyo kiti hunywa kila kinachokigusa. Vile visponji vyeupe vya kufutia ukuta, vinavyosifiwa sana siku hizi, navyo vinakwangua kama msasa laini. Ukivitumia mara moja huenda usione tofauti, lakini ukivitumia kila wiki utaiona.

Sasa nikueleze kwa nini sabuni haikusaidia, maana ukilielewa hili mengine yote yatakuja yenyewe. Nenda jikoni, tafuta bakuli la plastiki lililowahi kuwekwa mchuzi wenye bizari. Lina rangi ya manjano, sivyo? Limeoshwa mara mia kwa sabuni na steelwool, na manjano bado iko. Hiyo rangi haijakaa juu ya plastiki, imeingia ndani yake. Reksini ni ya ukoo huohuo. Ni PVC, ileile ya bomba la maji, isipokuwa bomba ni gumu, na ili PVC iwe laini ya kukalia hutiwa vilainishi, vitu vya jamii ya mafuta. Rangi za kutilia poliesta nazo hazipatani na maji. Zinapenda mafuta na joto. Kiwandani huingizwa kwenye uzi kwa joto la nyuzi 130 za selsiasi hivi, na zile zilizobaki juu ya uzi bila kushika hungojea tu pa kwenda. Ndiyo maana ulipolifua kava maji yalitoka meupe ukadhani umepona. Maji hayakuwa na cha kuivuta ile rangi. Kiti kilikuwa nacho.

Ongeza hali yenyewe. Miezi mitatu kava limelala juu ya viti, mvua ya masika imelilowesha na kuliongezea uzito likakandamiza kabisa, halafu jua likatoka. Chini ya kava la rangi nzito hapo kwetu joto la kiti linaweza kupita nyuzi 50. Rangi ikahama polepole, siku baada ya siku. Iliyoingia hivyo haitatoka kwa dakika tano za kusugua, hata ukisugua kwa brashi ya viatu. Itatoka vilevile ilivyoingia, kwa joto na kwa siku.

Kabla ya dawa yoyote, kisome kwanza kile kiti kama unavyosoma maji. Doa la kava lina ramani: linakaa pale kava lilipogusa, yaani ukingo wa kiti, nundu za mshono, sehemu ambapo maji yalituama likabonyea. Pale kava lilipokuwa hewani, kiti kitakuwa cheupe. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kwa spiriti, kipapase taratibu juu ya doa. Kikitoka na buluu, sehemu ya rangi bado iko juu na una bahati. Kikitoka cheupe, yote imeshazama.

Lakini lile baka la waridi la tezini nina shaka nalo. Tazama kama lina umbo la kava au lina umbo la wingu, kingo zake zimefifia, liko katikati ya kiti ambako sponji hulowa na haikauki. Kama ni hivyo, kava lako halina hatia kwa hilo. Kuna vijidudu vinavyoishi kwenye sponji yenye unyevu, nyuma ya reksini, vinavyotoa rangi ya waridi. Rangi hiyo hupanda kupitia reksini mpaka ikatokea juu. Wataalamu wa vitambaa vya boti wanaijua shida hii tangu zamani. Unaweza kulifuta juu kwa dawa yoyote duniani, litarudi, kwa sababu kiwanda kiko chini na bado kinafanya kazi. Kifungue kiti hicho upande wa chini, ubonyeze sponji. Ikitoa maji au harufu ya kuvu, basi dawa ni sponji mpya na reksini mpya, na tundu za kutolea maji kwenye ubao wa chini ambazo nina hakika fundi wako wa mwanzo hakuzitoboa. Usipoteze siku kwenye kiti hicho.

Turudi kwenye buluu. Siku ya kwanza osha viti vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, brashi laini, suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi. Acha vikauke kabisa. Kisha spiriti, ile ya asilimia 70 ya duka la dawa, sio ile ya zambarau ya kuwashia taa, maana utaongeza rangi juu ya rangi. Lowesha kitambaa, si kiti. Papasa, geuza upande msafi, papasa tena. Kila kitambaa kikichafuka, badilisha, la sivyo unahamisha doa kutoka kona moja kwenda nyingine. Usiloweshe kiti kwa spiriti kikaogelea, maana nayo ikikaa sana inakausha vilainishi. Dakika chache kwa kila kiti, suuza, basi. Hapa utapoteza ile rangi ya juu, pengine robo ya doa, pengine zaidi. Inayobaki ndiyo ya bakuli la mchuzi.

Na bakuli la mchuzi mama zetu walilitibu vipi? Walilianika juani. Rangi nyingi za kutia nguo haziwezi kuvumilia jua zikiwa peke yake, na hapo una silaha ya kwanza isiyo na gharama. Vitoe viti kwenye boti kama vinatoka, viweke juani siku nzima, uso wenye doa juu. Kwa madoa mepesi nimeona wiki moja ya jua la Julai, hata likiwa na mawingu ya kusi, ikimaliza kazi bila dawa.

Kwa madoa mazito, lisaidie jua kwa haidrojeni peroksaidi. Nenda duka la vifaa vya saluni uombe ile ya krimu wanayotumia kufifisha nywele. Ikiandikwa 20 ni asilimia 6, ikiandikwa 40 ni asilimia 12. Anza na ya 20. Krimu ni bora kuliko ya maji kwa sababu haitiririki. Vaa glavu, maana ya 40 itakuunguza ngozi na kuiacha nyeupe. Ipake juu ya doa unene wa siagi kwenye mkate, funika kwa ile nailoni nyembamba ya kufungia chakula, bandika kingo zake kwa selotepu ili isikauke, kisha acha juani. Saa mbili hadi tatu, ukiangalia. Ikikauka haifanyi kazi tena na inaweza kuacha alama ya kingo. Suuza vizuri, tazama kesho yake kiti kikiwa kikavu, rudia. Jaribu kwanza upande wa chini wa kiti, hata kama una haraka. Hasa kama una haraka.

Kuna dawa nyingine ambayo watu hucheka nikiitaja: krimu ya chunusi yenye benzoili peroksaidi, ya asilimia 5 au 10. Siri hii wameigundua watu wanaokusanya wanasesere wa zamani, wale wa plastiki laini, ambao nguo zao huwachujia rangi kwenye miguu na mikono. Peroksaidi hii, tofauti na ile ya saluni, hupatana na mafuta, kwa hiyo inaweza kufuata rangi ndani ya plastiki. Ni ghali kwa kiti kizima, lakini kwa doa la ukubwa wa kiganja kwenye kiti cha nahodha, ambacho kila mgeni anakiona, mimi naitumia. Namna ni ileile: paka, funika, jua. Usifutie taulo unayoipenda, itabaki na mabaka meupe.

Jik je? Najua tayari umeifikiria. Kwenye reksini mimi ni mgumu kuikubali. Inapunguza rangi ya juu, ni kweli, ila haizami, na inapofika kwenye mshono inaula uzi kama ni wa pamba au nailoni. Utaona kiti kimekuwa cheupe mwezi wa Agosti na mshono umeachia mwezi wa Desemba, boti imejaa Waitaliano. Uzi wa poliesta unavumilia, lakini wewe unajua fundi wako alishonea uzi gani? Jik nitakuruhusu kwenye faiba, dakika moja tu nifike huko. Na popote utakapoitumia, isikutane na siki, ndimu wala dawa ya kuoshea choo. Hutoa gesi ya klorini, na ndani ya kibanda cha boti hiyo si ya kuchezea.

Utegemee nini? Buluu inayoelekea zambarau huweza kuondoka kwa hatua: zambarau hutangulia, buluu hubaki nyuma kama kivuli. Usishtuke ukiona rangi imebadilika badala ya kufifia. Kava nyeusi ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu nyeusi ya poliesta ni mchanganyiko wa rangi kadhaa na kila moja ina ukaidi wake. Jambo jingine, kiti kikiwa cheupe leo, kitazame tena baada ya wiki tatu. Rangi iliyokuwa chini zaidi hupanda juu taratibu. Ikirudi hafifu, kipe kiti duru nyingine moja. Ikirudi nzito baada ya duru tano au sita, acha. Peroksaidi na jua vikizidi vinaikausha reksini, na utafika mahali unakikausha kiti kwa ajili ya doa ambalo mgeni angelikalia tu.

Na usikubali mtu akuambie apake rangi juu. Rangi ya kawaida haishiki kwenye reksini inayokunjika, na buluu iliyo chini itapenya mpaka juu ya ile nyeupe mpya.

Sasa mbavu. Hapa nina habari njema zaidi, kwa sababu faiba haina vilainishi kama reksini. Juu ya faiba kuna jelikoti, tabaka gumu la resini lenye unene wa kama nusu milimita, na rangi haiwezi kuzama mbali isipokuwa jelikoti imechoka. Pitisha kidole mahali pakavu. Kikitoka na unga mweupe kama chaki, jelikoti imeliwa na jua na ina vijitundu, hapo ndipo michirizi ilipojificha. Osha kwa sabuni kwanza. Kisha changanya Jik kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi, lowesha vitambaa vyeupe vya pamba, vibandike juu ya michirizi, na uvifunike kwa nailoni visikauke. Robo saa inatosha. Suuza kwa maji mengi, na zaidi palipo na vyuma, maana klorini inatafuna hata kile chuma kinachoitwa hakishiki kutu. Rudia mara mbili au tatu. Kwenye sitaha yenye vipele vya kuzuia kuteleza hii ndiyo njia pekee ya maana, kwa kuwa pale huwezi kusugua bila kuviua vipele.

Kitakachobaki kwenye sehemu laini kitoe kwa kompaundi, ile ya mafundi wa kung'arisha magari, kwa mkono au mashine ya mwendo wa polepole. Ikishindikana ndipo msasa wa maji, namba 1000, halafu 1500, halafu 2000, kisha kompaundi tena. Kumbuka ile nusu milimita. Kila safari ya msasa unaikopa na hairudi. Kwenye kona na kingo ni nyembamba zaidi, na ukiona utando wa nyuzi unachungulia umeshapita. Maliza kwa waksi, tabaka mbili. Jelikoti yenye waksi ni kama sufuria iliyopakwa mafuta, kinachoangukia juu yake hufutika.

Neno moja kuhusu vioo vya mbele. Kama ni vya plastiki ngumu ing'aayo, vya akriliki, spiriti wala thina visivisogelee. Vinapasuka nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na nyufa hizo hazina tiba. Sabuni na maji tu. Na paneli zilizopakwa rangi ya kawaida ya mafuta juu ya mbao, spiriti itailainisha rangi yenyewe, kwa hiyo huko ni rahisi kupiga msasa na kupaka upya kuliko kupigana.

Tumefika kwa mshtakiwa mwenyewe. Lifanyie kava jaribio hili: kata kipande kwenye pindo, kilaze juu ya kipande cha reksini nyeupe (fundi yeyote wa viti ana vipande vya kutupa), weka jiwe juu, funga kwenye mfuko wa plastiki mweusi, acha juani siku mbili tatu. Ndilo jaribio la kweli, kwa sababu linaiga yaliyotokea kwenye boti. Kuloweka kwenye maji ya chumvi na siki kama walivyofanya bibi zetu na leso mpya hakutasaidia kitu kwa poliesta. Likichuja, litaendelea kuchuja. Sijawahi kuona kava la namna hiyo likitubu.

Kuna vitambaa viwili sokoni vinavyofanana kwa macho. Cha kwanza ni kama mabuyu: rangi imepakwa juu ya kitu cheupe, na ukila inabaki vidoleni na mdomoni. Cha pili ni kama papai, rangi iko mpaka ndani. Akriliki ya boti, kama Sunbrella, ni ya aina ya papai. Rangi huchanganywa kwenye plastiki kabla haijavutwa kuwa uzi, kwa hiyo haina mahali pa kuhamia, na jua haliifubazi upesi. Iko pia poliesta iliyotengenezwa hivyo. Muulize muuzaji rangi ilitiwa lini, kabla ya uzi au baada ya kufumwa. Asipojua jibu, kata pindo na ufanye lile jaribio la jiwe dukani kwake, akikubali. Bei ya akriliki itakuuma. Kama haiwezekani mwaka huu, chukua kitambaa cha rangi ya mchanga au kijivu hafifu. Kikichuja, hakina kingi cha kuchuja.

Zaidi ya kitambaa, kitenganishe na viti. Watu hulitandika kava kama shuka, na hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Nunua mabomba ya PVC ya fundi bomba, ya inchi moja, yapinde upinde kutoka ubavu hadi ubavu kama mapaa ya kibanda, manne yanatosha kwa futi 26, na mti mmoja mrefu katikati kutoka omo hadi tezi. Funga matambara kwenye ncha zake zisikwangue. Kava litakaa kama paa, maji yatateremka, hewa itapita chini. Acha uwazi kidogo mbele na nyuma upepo wa kusi uingie. Hilo peke yake lingekuokoa mwaka huu hata kwa kava hilohilo baya, na lile baka la waridi huenda lisingepata unyevu wa kulilea.

Na ukishamaliza, angalia pia mikeka ya mpira unayoweka sitahani. Mpira una kemikali zinazohamia kwenye reksini na jelikoti na kuacha kahawia isiyotoka kabisa. Kikoi cha mgeni kilicholowa na kusahauliwa kitini mchana kutwa hufanya vilevile, ila hicho angalau ni doa dogo.

Kwa hiyo, kwa siku ulizobaki nazo: kesho sabuni na spiriti, mbavu azishughulikie mpwa wako kwa kuwa ana nguvu na hamu, viti viende juani na krimu kuanzia keshokutwa, kile cha waridi kipeleke kwa fundi asubuhi ya kwanza kwa sababu sponji huchukua siku kukatwa na kushonewa. Vile vitakavyobaki na kivuli cha buluu, viweke mbele omoni ambako wageni hupenda kulalia taulo. Kava usilitupe. Bado linazuia maji vya kutosha, kafunike nalo injini ya akiba au kuni za mama watoto. Ila lisirudi karibu na kitu cheupe.